Kifuta jasho: kwa nini malipo ya mazao yaliyoliwa na tembo huchelewa

Wasikilizaji wengi wanaoishi jirani na hifadhi hutuuliza swali lile lile: tembo wamemaliza mahindi, mtendaji wa kijiji ameandika, mtaalamu amekuja kupima, mbona hela haiji? Wapo waliosubiri zaidi ya mwaka, wakaingia msimu mwingine bila mbegu.

Tuanze na jina lenyewe. Malipo haya si fidia. Fidia hulingana na thamani ya kilichopotea. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kinachotolewa ni kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Ni mkono wa pole wa serikali, na ndiyo maana kiasi chake ni kidogo.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka hivi: shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kitu. Kuanzia mita 500 hadi kilomita moja ilikuwa shilingi 25,000 kwa ekari, na kiwango kilipanda kadiri ulivyokwenda mbali hadi shilingi 100,000 kwa ekari kwa shamba lililo zaidi ya kilomita 5. Tena hazikuhesabiwa zaidi ya ekari 5. Mwenye ekari 8 zilizoliwa zote alilipwa 5 tu. Kwa mtu aliyeuawa, familia ilipangiwa shilingi 1,000,000. Viwango hivi vimekuwa vikipitiwa upya, kwa hiyo muulize afisa wanyamapori wa wilaya kiwango kinachotumika sasa.

Sasa safari ya faili. Huanzia kwa mtendaji wa kijiji, huenda halmashauri kwa afisa wanyamapori, kisha Wizara ya Maliasili na Utalii. Watu wengi huenda kugonga geti la hifadhi wakidhani TANAPA ndio walipaji. Malipo hutoka wizarani, na madai hupitia halmashauri.

Faili hukwama zaidi mwanzoni. Afisa mmoja anahudumia vijiji vingi, gari hakuna au mafuta hakuna, akifika wiki mbili baadaye mabua yamekauka, ng'ombe wamepita, na nyayo za tembo hazionekani tena. Atapima nini? Kwa hiyo toa taarifa siku hiyo hiyo, usingoje kikao cha kijiji. Piga picha kwa simu: nyayo, kinyesi, mabua yaliyovunjwa, na shamba zima kutoka pembeni. Taja mnyama aliyeharibu, maana malipo yanahusu wanyama wakali waliotajwa na sheria, kama tembo na kiboko, si kila anayeingia shambani.

Jina nalo linaangusha wengi. Kijijini unaitwa Mama Neema, kwenye kitambulisho cha NIDA ni jina lingine, na akaunti ya benki ni ya mume. Andikisha jina lilelile kila mahali.

Ukikamilisha yote bado utasubiri fedha za bajeti, na hapo mkulima hana la kufanya. Kwa maoni yangu hili ndilo eneo ambalo wizara inatakiwa kubanwa: mkulima apewe tarehe, kama anavyopewa tarehe ya kulipa mkopo wa pembejeo. Diwani na mbunge wako wanaweza kuuliza kwa niaba ya kijiji kizima, na orodha ya majina 40 husikika kuliko mtu mmoja aliyesimama mlangoni.

Omba nakala ya fomu yako. Ukiambiwa faili limeshapelekwa wizarani, uliza lilipelekwa tarehe gani na barua ina kumbukumbu namba ngapi. Iandike namba hiyo kwenye simu, ndiyo utakayoitaja ukirudi kuuliza.