Istilahi "Msawazo" katika Hesabu za Maji na Miamba

Miongoni mwa istilahi zinazowakabili wafasiri wa taarifa za maji na madini, msawazo ni nyepesi kutamka na nyepesi zaidi kupotosha. Katika makala haya tumekusudia kuifuata dhana hiyo tangu ilipowekewa misingi hadi ilipoingia katika programu za kompyuta za jiokemia, yaani elimu ya kemia ya miamba na maji yake.

Misingi ya hisabati iliwekwa na Josiah Willard Gibbs wa Marekani, katika maandishi yaliyochapishwa kati ya 1875 na 1878. Kwa kanuni zake, vitu vinavyokutana katika joto na kanieneo maalumu huelekea hali ambayo nishati huru yao haiwezi kupungua tena. Lugha za Ulaya ziliita hali hiyo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mizani iliyo sawa. Kiswahili nacho kimeunda msawazo kutokana na sawa.

Mwaka 1962 Robert Garrels na Mary Thompson walizitumia kanuni hizo kwa maji ya bahari. Walipata kwamba asilimia 54 tu hivi ya salfeti ni ioni huru. Iliyobaki imeshikamana na magnesi, sodiamu na kalisi. Mwaka 1968 Harold Helgeson alieleza namna ya kuhesabu, hatua kwa hatua, mabadiliko ya maji yanapoyeyusha madini ya mwamba. Hesabu hizo ni ndefu mno kwa kalamu na karatasi, hivyo kompyuta ikashika zamu. Mwaka 1980 Idara ya Upimaji wa Jiolojia ya Marekani ilitoa programu PHREEQE ya David Parkhurst na wenzake; mwaka 1995 ikafuata PHREEQC.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na safari hiyo. Mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mapya ya Ziwa Magadi, Kenya, na mojawapo likaitwa magadiiti. Mwaka 1970 yeye na Lawrence Hardie walionyesha kwa hesabu jinsi maji hafifu yenye bikaboneti nyingi kuliko kalisi na magnesi yanavyoishia kuwa magadi yanapokauka.

Hatari iko hapa. Programu ikihesabu msawazo, husema maji yanaelekea wapi. Haisemi yatafika lini. Hesabu huonyesha kwamba maji ya juu ya bahari yamebeba dolomiti kupita kiwango chake, lakini dolomiti haijitengi humo kwa urahisi. Mfasiri anayeandika "dolomiti hujitenga" amegeuza mwelekeo kuwa tukio. Kadhalika anayeandika "utulivu" badala ya msawazo humwaminisha msomaji kwamba hakuna kinachotendeka, ilhali vitu huyeyuka na kuganda kwa kasi iliyo sawa. Afisa atakayeamua juu ya kisima kwa taarifa hiyo atapotoshwa na neno, wala si na hesabu.

Kwa hiyo tunapendekeza msawazo litumike kwa hali hiyo pekee. Matokeo ya programu yaelezwe kwa kitenzi kuelekea. Na hesabu yenyewe iitwe kielelezo, kwani mfano huweza kudhaniwa kuwa kisa kimoja kati ya vingi. Walimu nao wasiifundishe istilahi hii bila kutaja kwamba muda haumo ndani yake.