Chanda Kilichochimba

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Lakini historia ina tabia ya kuvika pete chanda kimoja na kukisahau kingine.

Tarehe 30 Aprili 1840, meli Sultana, mali ya Seyyid Said bin Sultan, ilitia nanga New York ikitokea Zanzibar. Mjumbe wa Seyyid alikuwa Bwana Ahmad bin Naaman. Mji ulimkirimu, na mchoraji Edward Mooney akamchora kwa rangi. Hakumchora kitini pa enzi wala na majeshi nyuma yake. Alichora mtu: kilemba, joho, ndevu, na uso uliotulia. Upigaji picha kwa mashine ulikuwa umetangazwa Paris mwaka 1839 tu, kwa hiyo sura za watu wa dola ya Zanzibar za wakati ule ni chache mno. Hii imehifadhiwa katika makumbusho ya Peabody Essex, mjini Salem, Marekani.

Sasa tumwache Bwana Ahmad sitahani, tuteremke ngamani. Humo mlikuwa na pembe za ndovu 108, magunia 135 ya karafuu, ngozi 1,000, na masanduku 81 ya sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa miti ya kale uliogandia ardhini ukawa mgumu kama jiwe. Ilichimbwa katika pwani ya Bara, kuanzia Mrima hadi huku kwetu kusini, karibu na Ruvuma. Ng'ambo iliyeyushwa ikawa vanishi ya samani, ya magari ya farasi, na hata ya picha za wachoraji.

Mnaona, ndugu zangu? Sura za mabwana ziliweza kung'arishwa kwa jasho la mchimbaji wa pwani hii. Bwana ana picha na jina. Mchimbaji, awe huru au mtumwa, hana hata kimoja.

Simnyang'anyi Bwana Ahmad pete yake. Alivuka bahari kwa heshima. Lakini kijana wa Likombe, wa Mikindani, wa Msimbati, kama una babu au bibi, kaa naye kitako. Muulize wazee wake walichimba nini, wapi, na walimwuzia nani. Yaandike. Makumbusho ya Salem yametutunzia uso wa mjumbe. Habari za mchimbaji hakuna atakayetutunzia, ila sisi wenyewe.