Istilahi na Lengo Lake: Tiba Mpya za Saratani ya Utumbo Mpana

Neno saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, kama ilivyo kwa neno la Kilatini lililotupatia kansa. Matabibu wa kale wa Uyunani waliifananisha mishipa iliyouzunguka uvimbe na miguu ya kaa. Ugonjwa ulipata jina kwa sura yake ya nje. Tiba mpya za saratani ya utumbo mpana na puru, kwa upande wake, zatudai istilahi inayoeleza yatendekayo ndani.

Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha chembe hai ya panya itengenezayo kingamwili na chembe ya saratani isiyokoma kuzaana. Uzao wa chembe hiyo chotara ulitoa kingamwili za namna moja, zinazotambua alama moja tu. Ndiyo sababu yafaa kuziita kingamwili za ukoo mmoja. Mwaka 1984 walitunukiwa Tuzo ya Nobel, pamoja na Niels Jerne.

Februari 2004 Marekani iliidhinisha dawa mbili za jamii hiyo kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Setuksimabu huziba kipokezi kinachopokea amri ya kukua juu ya chembe. Bevasizumabu hunasa protini ichocheayo mishipa mipya ya damu inayoulisha uvimbe.

Hapa ndipo istilahi "tiba lengwa" inapohitaji uangalifu. Kilengwacho si utumbo, bali ni molekuli. Mwaka 2008 ilidhihirika kwamba setuksimabu haimfai mgonjwa ambaye jeni ya KRAS katika uvimbe wake imebadilika. Na hao ni takriban 40 katika kila 100. Kwao kipokezi huzibwa bure, maana amri ya kukua hutoka ndani ya chembe yenyewe.

Mkazi wa Igoma apandaye kilima cha Bugando, kwenye hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, akiambiwa tu kwamba iko "dawa lengwa", aweza kudhani kuwa ni dawa isiyokosa shabaha, akauza ng'ombe kabla uvimbe wake haujapimwa. Kwa hiyo "tiba ya alama lengwa" yafaa zaidi. Neno alama litamfanya aulize: ni alama ipi, nayo imekwisha kupimwa? Istilahi inayomwezesha mgonjwa kuuliza swali hilo imetimiza wajibu wake.