Babu Alikuwa Askari: Kufuatilia Nyayo za Wazee wa Rumonge

Mwanafunzi anayeanza kuandika historia ya ukoo wake katika mwambao wa Burundi mara nyingi huwa na sentensi moja tu mkononi: "Babu alikuwa askari, kisha akafanya kazi, kisha akaoa hapa." Hana cheti wala picha. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba sentensi hiyo, fupi kama ilivyo, inatosha kuanzia, na kwamba sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna nyenzo ya kuifungua, yaani maneno yenyewe.

Rumonge ni mji wa ziwani, zaidi ya kilomita 70 kusini ya Bujumbura. Kiswahili kilifika huko na wafanyabiashara wa Ujiji kabla ya utawala wa kikoloni. Mapadri Weupe walifungua misheni Rumonge mwaka 1879, na wenzao watatu waliuawa huko mwaka 1881. Mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kutoka Ujiji kuutia mkononi upande wa kaskazini wa ziwa, lakini ufalme wa Burundi chini ya Mwezi Gisabo ulimzuia. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na askari waliokuwa wakiamrishwa kwa Kiswahili.

Sasa tuichukue ile sentensi kipande kwa kipande.

Kwanza, "babu alikuwa askari." Askari wa nani? Hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kusikiliza kwa makini. Mzee akisema "wakati wa Mdachi", akataja hela, rupia na adhabu ya "hamsa ishirini", yaani viboko 25, anatupeleka kabla ya 1916. Askari hao walitoka mbali na karibu: Wasudani na Wazulu wa mwanzo, kisha Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Mzee akisema "wakati wa Mbelgiji" na kuhesabu kwa faranga, basi huenda babu alivuka ziwa au mto Ruzizi pamoja na jeshi la Kongo lililoteka Usumbura mwezi Juni 1916 na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo.

Tena si kila aliyekwenda vitani alishika bunduki. Jeshi la Wabelgiji peke yake lilitumia wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi hawakurudi. Mjukuu anaweza kusema "askari" kwa heshima, kumbe babu alikuwa mpagazi. Kuligundua hilo si kumvunjia babu heshima. Mtu aliyebeba risasi na chakula cha wenzake milimani alifanya kazi ambayo bila yeye vita visingepiganwa.

Pili, "kisha akafanya kazi." Neno la kutafuta hapa ni kibarua. Asili yake ni barua: kikaratasi kidogo alichopewa mtu kuonyesha siku alizofanya kazi, kisha jina la karatasi likawa jina la mwenye karatasi. Neno la pili ni manamba, lililotokana na namba waliyopewa vibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Chini ya Wabelgiji kodi ya kichwa ilidai fedha taslimu, na wanaume wengi wa Burundi walivuka kwenda Tanganyika na Uganda kuzitafuta. Wengine walibaki katika bonde la Imbo, kwenye pamba, michikichi na uvuvi. Hata jina la samaki ni kidokezo. Dagaa wa Kigoma ndio ndagala wa Bujumbura, na mgebuka wa Kigoma ndiye mukeke wa Rumonge. Familia inayoendelea kusema dagaa na mgebuka nyumbani yafaa iulizwe habari za Ujiji.

Tatu, "kisha akaoa hapa." Kipande hiki ndicho chenye uzito zaidi, na ndicho wanafunzi hukiruka. Tangu enzi za Mdachi askari aliishi kambini na mke na watoto, na familia zilifuatana na jeshi safarini. Aliyeacha bunduki hakuwa mtu wa kuzurura. Alikuwa baba wa watu. Basi tuulize: bibi alitoka wapi? Watoto walipewa majina gani? Nyumbani walizungumza Kirundi au Kiswahili, na nani alizungumza kipi na nani?

Maswali haya si ya darasani tu. Mwambaoni neno "Mswahili" limetumika mara nyingi kwa maana ya mtu wa kuja, asiye na kwao. Lakini tuitazame ramani. Hadi 1916 Ujiji na Rumonge zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Kutoka 1916 zilikuwa chini ya Wabelgiji. Ni mwaka 1921 tu Kigoma na Ujiji zilipokabidhiwa kwa Waingereza. Ni kweli kwamba ufalme wa Burundi ulikuwapo kabla ya wakoloni wote, na babu aliyetoka Ujiji alikuwa mgeni katika nchi ya mwami. Lakini mpaka wa kikoloni unaomfanya mjukuu wake aitwe mtu wa nchi nyingine hakuuvuka babu. Mpaka ndio uliomkuta babu amekwisha kuoa.

Uzito wa jambo hili ulionekana baada ya 1972. Uasi ulioanza tarehe 29 Aprili mwaka huo Rumonge, Nyanza-Lac na kwingineko kusini, na mauaji makubwa yaliyofanywa na dola baada yake, yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania. Mashamba yao yalichukuliwa na wengine. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitambua haki ya wakimbizi kurudishiwa mali zao, na mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya ardhi. Mtu aliyerudi bila karatasi alisimama mbele ya jirani yake na kumbukumbu tu: babu alipanda michikichi ile, bibi amezikwa pale.

Je, kazi hii inawezekana kwa mwanafunzi? Mfano tunao. Kleist Sykes alizaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa Sykes Mbuwane, askari Mzulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji. Kleist naye alikuwa askari katika Vita vya Kwanza, kisha mfanyakazi wa reli, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, na baba wa Abdulwahid, Ally na Abbas. Alifariki mwaka 1949 akiwa ameacha maandishi yake. Aliyeyaandika maisha yake ni mjukuu wake, Aisha Daisy Sykes, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe.

Wazee wa Rumonge wengi hawakuacha maandishi. Waliacha maneno, na wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo tunawaomba wanafunzi wetu waendapo likizo wachukue daftari, wakae na bibi kabla ya babu, na waandike neno kama lilivyotamkwa, bila kulisahihisha liwe sanifu. Kusahihisha tutafanya baadaye, kama kutahitajika.