Kutoka Merrylands hadi hori za Fiordland: mwongozo wa safari kwa familia zetu za Ghuba



Mimi naishi Merrylands, kitongoji cha magharibi ya Sydney, kiasi cha kilomita 25 kutoka katikati ya jiji. Kila zikikaribia likizo za skuli huko Ghuba, simu za jamaa kutoka Maskati, Dubai na Doha huongezeka, na swali huwa moja: tukija kwenu, tunaweza kuvuka hadi Nyuzilandi tukaione ile milima inayosimama ndani ya bahari? Jawabu ni ndiyo, lakini safari hiyo inataka kupangwa miezi kadhaa kabla, na baadhi ya mambo hayasemwi na mawakala. Nimeyapanga hapa kwa mafungu ili kila mtu apate kurejea fungu analolihitaji. Nakusudia zaidi safari ya kuongozwa, yaani ile ambayo basi, mashua, malazi na kiongozi vyote vimepangwa na kampuni moja, kwa sababu wengi wenu huja na wazee na watoto.

Ni mahali gani hasa

Fiordland iko pembe ya kusini magharibi ya Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1952, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 12,000, na tangu 1990 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na hifadhi jirani zake, kwa jina la Kimaori Te Wahipounamu.

Wanorwe wana neno lao la mkono wa bahari unaoingia baina ya milima. Sisi tuna neno hori, ambalo ni lile lile khor la Kiarabu, na aliyekwisha kupanda jahazi Khasab akaingia Khor Sham anajua ninachosema. Watu huiita Musandam "Norwe ya Uarabuni", na kwa macho zinafanana kweli. Asili yake lakini ni mbali mbali. Hori za Musandam ni mabonde yaliyozama: bamba la ardhi la Arabuni linasukumwa chini ya lile la Asia, pwani ikashuka na bahari ikaingia. Hori za Fiordland zilichimbwa na mito ya barafu iliyosaga mwamba kwa maelfu ya miaka, kisha barafu ikayayuka na bahari ikashika nafasi yake. Ndiyo maana kuta zake zimesimama wima namna ile.

Tofauti nyengine ni mvua. Musandam ni jabali kavu, wakati Milford Sound, ambayo Wamaori huiita Piopiotahi, hupata zaidi ya mita 6 za mvua kwa mwaka. Kwa hiyo msivunjike moyo mkifika mvua inanyesha. Siku kavu kuna maporomoko machache ya kudumu, kama Stirling lenye urefu wa kiasi cha mita 150. Siku ya mvua kila ukuta unatoa maji, na wenyeji wengi huiona hiyo kuwa ndiyo siku bora ya kwenda.

Anzeni na paspoti, si na tiketi

Hili ndilo lililowaharibia wengi, na familia zetu ndizo hasa linazozigusa, kwa sababu nyumba moja ya Kiomani yenye asili ya Zanzibar au Mombasa mara nyingi ina paspoti za namna mbili au tatu.

Raia wa Oman, Imarati, Qatar, Kuwait, Bahrain na Saudi Arabia hawahitaji viza ya kuingia Nyuzilandi kwa matembezi yasiyozidi miezi 3. Wanahitaji kibali cha elektroniki kiitwacho NZeTA, kinachoombwa kwa simu au kwa tovuti kabla ya safari, pamoja na ada ya wageni ambayo tangu Oktoba 2024 ni dola 100 za huko kwa mtu. Mwenye paspoti ya Tanzania, Kenya au Uganda hayumo katika msamaha huo, hata kama ameishi Maskati miaka thelathini na ana kadi ya ukaazi. Lazima aombe viza kamili ya matembezi, na hiyo huchukua wiki kadhaa. Msaidizi wa nyumbani mnayesafiri naye naye ana hukumu ya paspoti yake mwenyewe.

Kwa Australia, wote hao, Waomani na Watanzania, wanahitaji viza ya wageni. Hapa kuna jambo dogo lenye madhara makubwa: hakikisheni viza ya Australia ni ya kuingia mara nyingi. Mkitoka Sydney kwenda Nyuzilandi mmeshatoka Australia, na mwenye ruhusa ya kuingia mara moja tu hawezi kurudi Sydney kupanda ndege ya nyumbani.

Familia moja ya jamaa zangu ilifika kwangu watu saba, tiketi za Queenstown mkononi. Sita walikuwa na paspoti za Oman na mama yao ana ya Tanzania. Wakala aliyewauzia safari aliwahakikishia kuwa wote wanaingia bila ya viza. Uwanja wa ndege wa Sydney mama hakuruhusiwa kupanda. Fedha zilikuwa zimeshalipwa, na yeye mwenyewe aliwaambia waende. Siku tano alikaa nami Merrylands, tukipokea picha za maporomoko kwa simu, naye akizitazama na kusema mashaallah kila moja. Safari nzima ilikuwa imepangwa kwa ajili yake. Kwa hiyo wekeni paspoti zote juu ya meza siku ya kwanza, na msilipe hata arbuni mpaka mjue kila mmoja anahitaji nini.

Wakati gani wa mwaka

Majira ya huku yamepinduka. Julai na Agosti, wakati nyinyi mnakimbia joto, Fiordland ni baridi kali. Barabara ya kwenda Milford, ya kiasi cha kilomita 120 kutoka mji mdogo wa Te Anau, hupita chini ya miteremko ya theluji inayoporomoka, na hufungwa pale hatari inapozidi. Kuanzia Mei hadi Novemba magari hutakiwa kubeba minyororo ya matairi. Siku nayo ni fupi: mwishoni mwa Juni jua la Queenstown huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kiasi cha saa kumi na moja jioni.

Likizo ya Disemba na Januari ndiyo inayolingana na kiangazi cha huko. Jua huzama baada ya saa tatu usiku, barabara iko wazi na hali ya hewa ni ya upole. Bei lakini huwa juu kabisa na vyumba vya Te Anau hujaa mapema. Wasiofungwa na skuli waje Februari au Machi. Watu wamepungua na hewa bado nzuri.

Kama hamna budi kuja Julai, inawezekana, na milima yenye theluji inapendeza mno. Wekeni siku mbili za akiba, na msijiendeshee gari wenyewe.

Milford au Doubtful

Hizi ndizo hori mbili zinazotembelewa na wengi.

Milford ina urefu wa kiasi cha kilomita 15, na mlima wake mashuhuri, Mitre Peak, umesimama zaidi ya mita 1,680 kutoka majini. Kuifikia mnapita tundu la Homer, handaki la kilomita 1.2 lililofunguliwa 1954, lililochimbwa ndani ya mwamba na lenye mteremko mkali. Mashua huchukua kiasi cha saa mbili. Kutoka Queenstown ni karibu kilomita 290, saa nne kwenda na nne kurudi. Kampuni nyingi huuza safari hiyo ya siku moja, nami siipendekezi kwa mzee wala mtoto mchanga. Laleni Te Anau, muamke mkiwa saa mbili tu mbali na hori.

Doubtful Sound, ambayo Wamaori huiita Patea, ni kubwa zaidi na kimya zaidi. Ina urefu wa kiasi cha kilomita 40. Hakuna barabara inayounganisha huko na nchi: mnavuka ziwa Manapouri kwa mashua, mnapanda basi kupita njia ya mlima ya Wilmot, kisha mnapanda mashua ya pili. Kwa hiyo huko hakuendeki ila kwa safari ya kuongozwa. Ni siku nzima, lakini kutembea kwa miguu ni kidogo, kazi ni kupanda na kushuka tu. Kwa bibi anayeweza kupanda ngazi chache, siku hii huwa nyepesi kuliko ya Milford kutoka Queenstown.

Ipo pia Milford Track, njia ya miguu ya kilomita 53.5 yenye msimu wake kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Aprili. Hiyo ni ya vijana wenye mazoezi.

Masuala ya kumuuliza wakala

Muulizeni kama kampuni inayoongoza ina ruhusa ya Idara ya Hifadhi ya Nyuzilandi, kwa sababu biashara yoyote ya kuongoza wageni ndani ya hifadhi inatakiwa kuwa nayo.

Muulizeni barabara ikifungwa mnarudishiwa fedha au mnabadilishiwa siku, na mtake jawabu kwa maandishi. Ndege ndogo za kutoka Queenstown nazo husimamishwa na mawingu, basi suala ni hilo hilo.

Muulizeni basi lina nafasi ya kiti cha magurudumu, na kama mashua ina chumba kilichofungwa chenye joto.

Bima ni lazima. Nyuzilandi ina mfuko wa taifa, ACC, unaosaidia matibabu ya mtu aliyeumia kwa ajali, hata mgeni. Maradhi ya kawaida, kama sukari, presha au moyo, hayamo. Milford hakuna hospitali, na simu hazishiki sehemu kubwa ya njia. Dawa za mzee zikae mkobani, si katika sanduku chini ya basi.

Chakula, sala na mizigo

Merrylands hakuna shida: mikate ya Kiafghani, mabucha ya halali na maduka ya Kilebanoni yamejaa hapa, na shiba ya kwanza mtaipata kwangu. Lakini msifikirie kubeba. Mpaka wa Nyuzilandi ni mkali mno kwa vyakula. Asali na nyama msichukue kabisa. Tende, halwa, bizari na kahawa ziandikeni zote katika fomu, hata kama ni kidogo. Kuandika hakuna adhabu, kuficha faini yake ya papo kwa papo ni dola 400. Viatu vilivyokanyaga shamba visafishwe udongo, navyo viandikwe.

Kondoo wengi wa Nyuzilandi huchinjwa kihalali kwa ajili ya kuuzwa nje, lakini hiyo haina maana kuwa sahani ya hoteli ni halali. Ulizeni cheti. Te Anau ni mji mdogo, hivyo nunueni mahitaji Queenstown, chukueni malazi yenye jiko, na mashuani agizeni samaki au chakula cha mboga siku kadhaa kabla.

Kibla hubadilika mkivuka. Sydney ni magharibi ikipinda kidogo kaskazini, Queenstown ni magharibi ikipinda kidogo kusini. Saa ya huko iko mbele ya Sydney kwa saa mbili. Kiangazi Isha huingia usiku mwingi, na siku ya safari adhuhuri na alasiri hukukuteni njiani. Mkubaliane mapema na kiongozi wapi basi litasimama. Wenye kusali safari watajua la kufanya.

Bebeni makoti ya mvua ya kweli, na dawa ya kujipaka kwa ajili ya usubi. Wadudu hao wadogo weusi wa Fiordland huuma vibaya, zaidi mnaposimama ufukweni kupiga picha.

Ratiba ya siku tano

Siku ya kwanza, ndege kutoka Sydney hadi Queenstown, kiasi cha saa tatu. Mpumzike.
Siku ya pili, basi hadi Te Anau, kilomita 170.
Siku ya tatu, Milford.
Siku ya nne, Doubtful.
Siku ya tano, kurudi Queenstown. Siku hii iwe na ulegevu, ili Milford ikifungwa siku ya tatu muwe na pa kuisogeza.

Ikiwa mmoja amekosa viza

Msimwache peke yake nyumbani. Kutoka Merrylands, treni ya kwenda Parramatta na nyengine ya kupanda Blue Mountains hukufikisheni Katoomba, penye mabonde makubwa na majabali ya Three Sisters, na mtarudi jioni ile ile. Kaskazini ya Sydney kuna mto Hawkesbury, ambao mlango wake ni bonde lililozama, sawa na hori za Musandam. Hakuna mlima wa theluji, lakini familia iko pamoja, na mama yupo katika picha.

Wakati mzuri wa kuanza kuomba viza za Disemba ni sasa hivi zikimalizika likizo za kiangazi chenu. Wabillahi tawfiq.