Tarehe ya Mwamikazi

Hapa Ujiji bi harusi hakai na jina hilo siku nyingi. Hina haijafutika mikononi, tayari ameshakuwa mke wa Ramadhani, na mtoto akitumwa kuazima ungo huambiwa aende kwa mke wa Ramadhani. Jina lenyewe hasa linangoja kwanza. Akishajifungua na kumaliza arobaini, siku anayotoka kwenda sokoni hukutana njiani na mama wa Kiha aliyejitwika mkungu wa ndizi. Mama yule hutua mzigo, akainama, akapiga makofi polepole: "Mwakeye, mama Zawadi." Jina hilo ndilo litakaloandamana naye mpaka kaburini, na aliyempa ni mtoto.

Nimeanzia uani kwa sababu kanuni ya ikulu za pande hizi haikuwa mbali na hii. Mke wa mfalme aliitwaje, na cheo chake alikipata kwa nani? Hiyo ndiyo tarehe ninayotaka kuiandika.

Asili yake iko milimani. Buha ilikuwa na falme zake: Heru, Muhambwe, Buyungu, Bushingo, Luguru, na Bujiji uliotupa jina la mji wetu. Kila mfalme aliitwa Mwami. Mwami wa Bujiji makao yake yalikuwa Nkalinzi, juu, mbali na maji. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba alikuwa na mwiko wa kuliona ziwa, kwamba akiliona atakufa. Mji ulikuwa wake, samaki na mawese ya mwambao yalikuwa yake, lakini yeye mwenyewe hakushuka.

Neno Mwami halina uke wala uume ndani yake. Ukitaka kumtaja mke wake unaongeza -kazi, unapata mwamikazi. Jirani zetu wa Burundi na Rwanda nao husema hivyo hivyo, ila wao wana neno jingine lililo zito zaidi, mugabekazi, naye ni mama wa mfalme. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo kiini cha jambo lote. Wake wa mfalme walikuwa wengi. Mama wa mfalme alikuwa mmoja, ana watu wake na sauti yake katika utawala. Kwa hiyo mke aliyetaka cheo hakumtazama mumewe. Alimtazama mwanawe. Ndirikumutima alikuwa mke wa Mwezi Gisabo wa Burundi, mpendwa kuliko wenzake, lakini nguvu zake zilitimia baada ya mume kufa mwaka 1908, alipokuwa mugabekazi wa Mutaga wa Nne.

Pwani nako mambo yalikuwa na mkondo wake, na mkondo huo ulitufikia kwa njia ya misafara. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, alikuwa na mke wa nasaba, Azza binti Seif, wa ukoo wa kifalme wa Oman. Salme, binti wa Seyyid Said, katika kitabu chake cha mwaka 1886 anaeleza kwamba mama huyo alikuwa mfupi wa kimo lakini mkali wa amri, na kwamba mkubwa na mdogo walilazimika kumwita Seyyida. Hakuwa na mtoto. Useyyida wake ulitoka kwa baba zake, na ndoa iliukuta tayari anao. Watoto wa Said walizaliwa na masuria, akina mama walioletwa kutoka Uhabeshi, Uchirkasi na kwingineko, ambao hakuna aliyewaita Seyyida. Said alipofariki mwaka 1856, kiti cha Unguja kilikwenda kwa Majid, kisha mwaka 1870 kwa Barghash, wote wana wa masuria. Mwenye cheo hakuzaa mfalme, na aliyezaa mfalme hakuwa na cheo. Kila nikiisoma habari hii huwafikiria wanawake wale katika vyumba vya Mtoni, na jinsi hesabu ya heshima ilivyowapita wote wawili.

Desturi hizi mbili, ya milimani na ya pwani, zilikutana hapa Ujiji katika nyumba moja. Mwinyi Kheri alikuwa mfanyabiashara Mswahili aliyehamia mwambao huu na kuwa mkubwa wa wafanyabiashara wote wa mji. Alimwoa binti wa mtawala wa Bujiji. Tazama ndoa hiyo kwa makini. Mwenye damu ya enzi alikuwa mke. Mume alikuja na bidhaa, bunduki na jina la pwani, na ukwe ndio uliomfungulia mlango wa kutawala kando ya ziwa bila kugombana na mlima. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Barghash alimtambua kuwa liwali wake, bendera ya Unguja ikapandishwa. Basi mume akawa na cheo kutoka Unguja na mizizi kutoka Nkalinzi, na mizizi hiyo aliishika kwa mkono wa mkewe. Vitabu vinamtaja yeye, vinamtaja mrithi wake Rumaliza, vinawataja Burton, Livingstone na Stanley, ambao kwetu walikuwa wapita njia. Mwanamke anatajwa kwa baba yake na kwa mume wake. Nadhani mji huu una deni kwake, na mtu atakayeandika historia ya Ujiji kwa haki inampasa amweke mlangoni, si uani.

Mwaka 1896 Rwanda ilionyesha jinsi cheo cha mama kinavyoweza kuwa kikali. Rutarindwa alirithi ufalme hali mama yake mzazi ameshafariki, akapewa mugabekazi mwingine, Kanjogera, mke wa mfalme aliyetangulia. Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa. Yeye na kaka zake walimpindua Rutarindwa huko Rucunshu, wakamweka kijana wao, Yuhi Musinga, naye Kanjogera akatawala pamoja na mwanawe kwa jina la Nyirayuhi. Huko mama wa mfalme alipewa jina la enzi lililoambatana na la mwanawe: mmoja ni Yuhi, wa pili ni Nyirayuhi. Wabelgiji walipomwondoa Musinga mwaka 1931 na kumweka mwanawe Mutara Rudahigwa, mama yake Rudahigwa, Kankazi, mke wa Musinga, ndiye aliyepata jina la Nyiramavugo. Baba alipoteza ufalme siku zile zile mama alipopata cheo. Musinga mwenyewe alihamishwa mwishowe hadi Moba, upande wa Kongo wa ziwa letu, akafia huko mwaka 1944.

Turudi Buha. Katika miaka ya 1950 kiti cha Heru, Kasulu, kilikaliwa na mwanamke, Theresa Ntare. Hakuitwa mwamikazi. Aliitwa Mwami, kama waliomtangulia, na Ntare ni jina la enzi lenye maana ya simba. Hapa Kiha kinakizidi Kiswahili. Sisi tuna malkia, neno la Kiarabu, na tunalitumia kwa Elizabeth aliyetawala Uingereza na kwa Camilla aliyeolewa na mtawala, bila kutenganisha. Ukimwita Theresa Ntare malkia, msikilizaji atauliza mumewe alikuwa mfalme gani. Ukisema Mwami, hakuna swali.

Na mume wa Mwami wa kike je? Lugha haina kiambishi cha kumtengeneza. Jambo hili si la Buha peke yake. Philip alikaa na Elizabeth katika ndoa miaka 73, na hata siku moja hakuitwa mfalme, kwa kuwa Waingereza humpandisha mke wa mfalme kuwa malkia, ila mume wa malkia hawampandishi kuwa mfalme. Henrik wa Denmark jambo hilo lilimuuma moyoni. Mwaka 2017 alitangaza kwamba hatazikwa ubavuni mwa mkewe, Malkia Margrethe, kwa sababu hakupewa usawa wa jina, na mwaka uliofuata alifariki na msimamo wake huo. Buganda walichagua njia ya kumpa mke cheo chake peke yake, Nnabagereka, ambacho Sylvia Nagginda anacho tangu harusi yake na Kabaka Mutebi mwaka 1999. Kwetu serikali ya uhuru ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na swali la nani aitweje likabaki kwa wazee.

Rwanda swali hilo halikubaki kwa wazee. Rudahigwa alifunga ndoa ya Kikristo na Rosalie Gicanda mwaka 1942. Hawakujaliwa mtoto. Mfalme alifariki ghafla Usumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hili, Julai 1959. Mwaka 1961 ufalme ukafutwa. Kwa kanuni niliyoieleza tangu mwanzo, Gicanda hakubakiwa na kitu: hana mfalme, hana mwana wa kumfanya mugabekazi, hana kiti. Lakini watu waliendelea kumjua kuwa ndiye mwamikazi. Aliishi Butare, nyumba ya kawaida, na mama yake mzee na wanawake wachache waliomtunza, zaidi ya miaka 30 ya ujane.

Tarehe 20 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, wanajeshi walifika nyumbani hapo wakamchukua yeye na wenzake, wakawapiga risasi. Siku chache baadaye mama yake naye akauawa. Kesi ya kapteni aliyehusishwa na mauaji hayo, Ildephonse Nizeyimana, ilisikilizwa katika nchi yetu, Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya Rwanda, na hukumu ikatolewa mwaka 2012. Katika kurasa zake mwanamke huyo hakutajwa kwa baba wala kwa mume peke yake. Ameandikwa Rosalie Gicanda, na kando ya jina lake, cheo chake.