Muuguzi mpya Kanda ya Ziwa: uanzie wapi kazi?

Chuo umemaliza, mtihani wa leseni umefaulu, na kila jioni nyumbani wanapiga simu kuuliza kama umepata kazi. Katika makala hii tunaeleza mambo ambayo muuguzi mpya wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria anapaswa kuyapima kabla ya kukubali kituo cha kwanza, na afanye nini hofu ikimshika akiwa zamu.

Leseni kwanza

Kazi hii inaongozwa na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na msimamizi wake ni Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kumhudumia mgonjwa. Lazima uwe umesajiliwa na Baraza na leseni yako iwe hai. Piga picha vyeti, leseni na barua zako zote, uzitunze kwenye simu na kwenye barua pepe. Karatasi zikiloa mtumbwini, bado utakuwa nazo.

Mjini au kisiwani?

Huduma za afya zimepangwa kama ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa kama Sekou Toure, kisha hospitali ya kanda, yaani Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Hospitali kubwa ina wataalamu wengi na utaona magonjwa magumu, ila unaweza kukaa muda mrefu kwenye wodi moja. Kwenye zahanati ya Ukara, Kome au Maisome, siku hiyo hiyo unaweza kuchanja watoto, kupima wajawazito, kufunga kidonda na kuzalisha. Utajifunza haraka, lakini wenzako ni wachache.

Wengi huuliza kwanza mshahara na nyumba. Ni maswali ya haki. Sisi tunaongeza moja na kuliweka mbele: usiku nikikwama, nitamuuliza nani? Zahanati yenye mkunga mzoefu anayeamka ukimgongea ni salama kwa muuguzi mpya kuliko hospitali kubwa itakayomwachia wodi peke yake wiki ya kwanza. Kwa hiyo uliza mapema: nitaelekezwa kazi kwa siku ngapi? Zamu ya usiku tunakuwa wangapi? Mgonjwa wa rufaa anasafirishwaje ziwa likichafuka?

Swali hilo la mwisho si dogo. Tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea watu wa Sengerema kungoja kivuko pale. Visiwani bado ni maji na upepo. Kwa mjamzito, mzazi aliyejifungua au mtoto mchanga aliye hatarini, upo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao majaribio yake ya mwanzo yalihusisha Sengerema. Namba yake ni 115 na kupiga ni bure. Usisubiri hali izidi kuwa mbaya ndipo upige.

Ajira na kujitolea

Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira au TAMISEMI, na kuomba hakulipiwi. Anayekudai pesa ili jina lako litoke ni tapeli. Ukiajiriwa, utapita kipindi cha majaribio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Kwenye hospitali binafsi, dai mkataba wa maandishi, na hakikisha michango yako ya NSSF inapelekwa.

Wapo wanaojitolea wakisubiri ajira. Kujitolea kunaufanya mkono usisahau kazi, lakini kuwe na barua inayotaja muda, msimamizi na posho kama ipo.

Hofu ya kukosea

Hofu hii ni ya kawaida, na ina kazi yake: inakufanya usome jina la dawa mara ya pili. Usipokuwa na uhakika wa kipimo cha dawa, simama, uliza. Makabidhiano ya zamu yaandikwe, yasiishie mdomoni. Ukikosea, mwangalie mgonjwa kwanza, kisha toa taarifa mara moja. Kosa linalofichwa ndilo linaloua.

Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua jeraha. Toa taarifa na uombe kupimwa papo hapo. Dawa za kukinga Virusi vya Ukimwi zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72, na ukianzishiwa uzimeze kwa siku 28.

Kituo cha kwanza si cha maisha

Wauguzi wengi huanza na cheti au diploma, wakaongeza elimu baadaye. Mwaka wa kwanza, lenga mambo machache uyajue sawasawa: kupima presha, kufuatilia uchungu wa mama, kutambua mgonjwa anayezidiwa. Ujuzi huo utakwenda nao kokote utakakohamia.

Kwenu wasikilizaji wetu wa vijijini: muuguzi mpya akiwaambia "subirini kidogo, nipige simu niulize", msimcheke wala msiseme hajui kazi. Mkimwonea aibu leo, kesho hatauliza, na atakayelala kitandani siku hiyo huenda akawa mtu wenu.